Bakuli la Shangazi

Mgeni njoo, mwenyeji augue. Hajra alilijua hilo wiki ile shangazi wa mumewe alipofika Ruangwa kutoka Chiola, kabeba sufuria yake na bakuli lake la bati, kwa sababu, alisema, hawezi kula chakula cha mpishi asiyeona.

Miaka mitatu nyuma Hajra alikutana na Bashiri sokoni Nachingwea, katikati ya kelele za wauza ufuta. Bashiri, aliyepooza miguu tangu utotoni, alikuwa akishona kwa cherehani ya mkono. Hajra akapapasa gauni lililokuwa mezani.

"Fundi, mfuko huu umeushona ndani nje."

Bashiri akacheka mpaka akakohoa. "Wateja wote wenye macho wamepita hapa, hakuna aliyeliona."

"Basi nioe, niwe nakukagua."

Akamwoa.

Sasa shangazi alizamisha vidole katika kisamvu cha Hajra, akakichambua kutafuta nywele, akiguna kama aliyekanyaga mavi. Kisha akapika chake. Punde Hajra akasikia kijiko cha Bashiri kikigonga bati. Bakuli la shangazi! Akaenda jikoni, akaibeba sufuria ya shangazi, akaimwaga yote kizingitini, kisha akapanda basi kwenda kwa mama yake Nachingwea.

Siku nne Bashiri alipiga simu bila kupokelewa. Ya tano ikapokelewa.

"Mke wangu, ulisikia bati, hukusikia kilichomo. Shangazi alitaka kuwatupia kuku kisamvu chako, nikakihamishia humo nikakila."

"Na mdomo ulijaa hata ukashindwa kumkanya?"

Bashiri akakiri kwamba aliogopa. Shangazi ndiye aliyemlea.

Kesho yake Hajra alisikia uani kwa mama yake kandambili zikipiga ardhi, zile ambazo Bashiri huvaa viganjani anapotambaa. Alinuka jasho na vumbi la safari. Alieleza kwamba amemwambia shangazi usoni: akija tena atakula cha Hajra au atalala njaa. Ila wazee wa ukoo wamekasirika.

"Wanataka umwombe radhi kwa kumwaga chakula. Neno moja tu, mpenzi, yaishe."

Hajra akamfuta vumbi usoni kwa ncha ya kanga, taratibu, kidole kikipita kwenye nyusi alizozikosa siku sita.

"Nyumbani narudi leo, kwa ajili yako," alisema. "Radhi siombi. Wakiniitia kikao, nitakwenda, nitakaa mkekani, na siombi."