Kidole cha Kuazima

Kilichomshtua kwanza afisa wa mpakani ni kioo cha mashine ya alama za vidole. Kila msafiri akibonyeza vidole kwenye mashine huacha jasho, naye afisa hukipangusa kwa kitambaa. Yule mama aliyejitanda mtandio mweusi alibonyeza, akarudia tena, na kioo kikabaki kikavu, kisafi. Mashine ikakataa.

Ililetwa baada ya bomu kulipuka sokoni, ili gaidi asivuke kwa jina la mtu mwingine. Wakubwa waliisifu weee! Hawakujua kwamba iliwakataa wakulima waliolika vidole kwa jembe, wala kwamba maafisa walikuwa na dawa yao ya kimyakimya: unabonyeza gumba lako mwenyewe, msafiri anasajiliwa kwa alama zako, foleni inasonga. Lilikuwa kosa kubwa, na wote walilifanya.

"Nisaidie, mwanangu," mama alinong'ona. "Natoka mbali, na sina pa kulala." Pumzi yake ilinuka nywele zilizoungua.

Afisa alimwonea huruma. "Haya mama, leo tu." Akabonyeza. Taa ikawaka kijani.

"Umenipa mwenyewe," mama alisema. "Sikukunyang'anya." Akapita.

Mwenzake wa dirisha la pili alikuwa amemkodolea macho. "Ulikuwa unaongea na nani?"

"Si yule mama?"

"Mama gani, ndugu yangu? Hapo hapakuwa na mtu."

Afisa alijaribu kucheka, kicheko kikagoma. Akaweka gumba kwenye mashine ili afunge zamu, ikawaka nyekundu. Akaweka kwenye simu yake, ikakataa kufunguka. Akaliinua gumba kwenye mwanga na kuliona laini kama mgongo wa kijiko, halina mstari hata mmoja, na hapo akamkumbuka mkewe na mwanawe mchanga waliokuwa peke yao nyumbani, akamnyang'anya mwenzake simu na kupiga.

"Mke wangu, funga mlango. Usimfungulie mtu."

Mkewe akauliza kwa sauti ya chini, "Wewe nani?"

"Ni mimi, mumeo!"

"Koma! Sauti umeiiga vizuri, lakini mume wangu kaingia sasa hivi. Huyu hapa, kambeba mtoto."

Afisa alimsikia mwanawe akicheka. Halafu simu ikabadilisha mkono, na mnong'ono ukamjia sikioni.

"Nimefika salama, mwanangu. Pa kulala nimepata."