Mkebe wa Tatu

Mkebe wa tatu wa filamu ulikuwa palepale rafuni, lakini mtupu. Sheikh Marhoon aliufungua stoo, nyumbani kwake Matrah, Omani, asubuhi ya Ijumaa, Novemba 1970. Polisi walipofika, Bakhit alikuwa ameshafungwa kamba.

Inspekta Harub alikuta hukumu imeshapita. Miaka yake ya upolisi Unguja ilimfundisha kuwa anayekamatwa mapema mno mara nyingi kosa lake ni kuwa karibu.

"Ufunguo anao nani?" aliuliza.

"Huyu Bakhit, mwendesha mashine ya senema," alisema Marhoon. "Filamu nimeiazima Bombay, si yangu. Mkanda usipopatikana leo, namwondolea udhamini wa kukaa hapa. Arudi Unguja alikotoka."

Bakhit alikuwa na mke na watoto wawili, wana mwezi mmoja tu tangu washuke bandarini. Kurudi Unguja kwao kulikuwa kujitia kinywani mwa mamba.

"Jana mlionyesha nini hapa?" Harub alimuuliza Bakhit.

"Mizimu ya Kichina, afande. Kijana kauliwa njiani, hakuzikwa. Kila siku ya saba anakuja kubisha mlango kwa mamake. Mikebe miwili ikaisha, jenereta ikazima."

"Na huu wa tatu?"

"Anakuja kuhani mmoja na karatasi zake za uganga, anauchoma moto ule mzimu."

"Watu walijua?"

Bakhit aliinamisha kichwa. "Niliwahadithia. Mie mwisho wa senema haunikai moyoni."

Harub hakuwa na maabara ya alama za vidole; alikuwa na pua. Aliuinamia mkebe. Ulinuka kafuri, ile wanayotiwa maiti.

"Nani kafa hapa, Sheikh?"

"Hajafa mtu."

"Jana walikuwepo nani?"

Marhoon alitaja wanaume kumi na wanane, kwa majina yao na ya baba zao.

"Na juu ya dari?"

"Juu? Wanawake tu."

Katika nyumba za watu waliotoka Unguja, kama hii, funguo za akiba za stoo hukaa kiunoni mwa bibi mkubwa. Marhoon alisahau hilo, kwani tangu azaliwe hajapata kujichotea mchele mwenyewe.

Dada yake, Bi Nasriya, alikuwa jikoni anachambua dengu, kishada cha funguo ubavuni.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu."

"Mkanda uko wapi?"

"Nimeuzika."

Alisema hivyo kama aliyeulizwa ungo uko wapi. Nyuma ya jiko, ukutani, palikuwa na tuta bichi la shibiri mbili.

"Usinione mjinga, najua ni senema," alisema. "Lakini mwanangu Thani aliuliwa Unguja mwaka wa sitini na nne, na mpaka leo sijui walimtupa wapi. Miaka sita, mlango ukibishwa nnainuka. Jana nimemwona yule mama naye anainuka. Kisha naambiwa mwanawe atachomwa moto. Mtu hachomwi, mwanangu. Huzikwa. Basi nimemtia kafuri, nimemkafini kwa sanda yangu mwenyewe niliyojiwekea."

Harub aliona uchungu, wala hakuuficha. Lakini kazi ni kazi.

"Bakhit ndiye anayeshukiwa, bibi. Sheikh anataka kumrudisha Unguja, yeye na wanawe."

Hilo hakulijua. Dengu zilimtulia mkononi. Alifungua kishada kiunoni, akakiweka chini mbele ya inspekta.

"Mfukue," alisema. "Wa mwenzangu wasipotee kwa ajili ya wangu."

Harub alimzuia konstebo wake, akafukua mwenyewe kwa mikono. Akaikunjua sanda, akautoa mkanda, akaupangusa mchanga kwa leso. Ulikuwa mzima.

Kisha akaikunja sanda vilevile, tupu, akairudisha shimoni. Akafukia, akalipiga tuta kwa kiganja mpaka likakaa sawa.

Bi Nasriya alikuja akasimama kando ya tuta.

"Anaitwa Thani bin Amur," alisema.

Inspekta akaelekea kibla, akafungua viganja vyake vyenye mchanga, akamwombea Thani bin Amur. Alipomaliza, akaenda kumfungua Bakhit.