Siku Tatu Zisizopimwa

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shuleni, Fosiya alimsaidia baba yake kufungua duka. Duka lenyewe lilikuwa la Abdille, binamu ya mama yake, pale Kitengela, hatua chache kutoka barabara ya Namanga ambako malori ya saruji hupita mchana kutwa. Baba alifagia vumbi lililoletwa na upepo wa mbugani, Fosiya akapanga mikate, kisha baba akavaa miwani na kuanza kupima sukari, nusu kilo nusu kilo. Alipima kwa makini mno hata wateja wakachoka kungoja.

Wateja walimwita Daktari. Akina mama walimletea watoto wenye kikohozi, naye akawaeleza kwa upole, kila mara, kwamba hakusomea magonjwa ya watu. Jeylani, ndilo jina la baba, alikuwa mtafiti wa ngamia na maziwa yao. Kwa miaka kumi na tisa alifanya kazi katika kituo cha utafiti kando ya Mto Juba, nchini Somalia, mpaka vita vilipowafikia.

Fosiya alikuwa na miaka sita walipokimbia. Sasa alikuwa na miaka kumi na miwili, lakini kituo kile alikikumbuka kuliko alivyokumbuka mambo ya juzi. Alikumbuka nyumba nyeupe yenye mipapai mlangoni, na harufu ya vibuyu vilivyofukizwa moshi. Alimkumbuka Mowlid, msaidizi wa baba, mtu mrefu aliyewaimbia ngamia wakati wa kuwanywesha, sauti yake ikasikika mpaka ng'ambo ya mto. Na alikumbuka kabati la mbao lenye madaftari ishirini na saba. Siku ile ya kukimbia, baba aliweza kubeba moja tu.

"Yale mengine yako wapi sasa, Aabo?" Fosiya alimuuliza siku moja. Aabo ndivyo alivyozoea kumwita baba yake tangu utotoni.

"Labda mchwa wameyasoma yote," baba akajibu. "Basi watakuwa mchwa wenye elimu kubwa." Alicheka kidogo, lakini macho yake hayakucheka.

Mwezi wa Julai, mwanamke mmoja aliingia dukani kununua majani chai, akamtazama Jeylani kwa muda mrefu. Alikuwa Mwalimu Rahab, aliyefundisha mambo ya mifugo katika chuo kimoja mjini Kajiado. Zamani alikuwa amesoma utafiti wa Jeylani na kuona picha yake. Hakutarajia kumkuta akifunga sukari kwenye mifuko. Wiki iliyofuata alirudi na karatasi.

"Kuna mfuko wa fedha unaosaidia watafiti waliofukuzwa makwao na vita," alisema. "Wakikuchagua, watakulipia mahitaji yako na utafanya kazi chuoni kwetu. Lakini hawataki kazi ya zamani peke yake. Wanataka vipimo vipya, siku ishirini na moja mfululizo, kabla ya wiki ya kwanza ya Septemba."

Ngamia walikuwepo. Mzee Leshan, mfugaji wa upande wa pili wa Kajiado, njia ya kwenda Ilbisil, alikuwa amepoteza ng'ombe wengi wakati wa ukame, akanunua ngamia wanne. Jeylani ndiye aliyemfundisha kuwatunza. Shida ilikuwa duka. Hakuweza kuliacha kwa wiki tatu. Ndipo Fosiya aliposema kwamba likizo ya Agosti angeweza kukaa kwa Mzee Leshan na kupima maziwa yeye mwenyewe.

Baba alimfundisha kwa siku mbili. "Weka jagi mahali palipo sawa. Inama hadi jicho lako lilingane na mstari. Kisha andika unachokiona. Usiandike unachokitaka."

Kwa Mzee Leshan, Fosiya aliinamisha kichwa naye mzee akakigusa kwa kiganja, kama ilivyo desturi ya Wamaasai. Binti yake Naisula alikuwa rika la Fosiya, na kabla ya jua kuchwa walikuwa marafiki. Asubuhi na jioni Mzee Leshan alikamua, Fosiya akapima na kuandika. Alizoea baridi ya alfajiri na milio ya ndama. Wakati mwingine, povu la maziwa likishuka kwenye jagi, alifumba macho akajiona yuko mtoni tena, na Mowlid yuko karibu kuanza kuimba.

Siku ya kumi na mbili kulikuwa na harusi mahali paitwapo Maili Tisa. Mama yake Naisula alikuwa akienda na wasichana.

"Twende," Naisula alimbembeleza. "Ni siku moja tu."

Fosiya alikwenda. Siku moja ikawa siku tatu, maana wageni walikuwa wengi na gari la kurudi halikupatikana. Nyumbani Mzee Leshan aliendelea kukamua, ila hakupima, kwa kuwa hiyo haikuwa kazi yake. Fosiya aliporudi alikuta mistari mitupu ya siku tatu ikimkodolea macho. Akakumbuka neno lile, mfululizo. Akakumbuka mikono ya baba kwenye mizani ya sukari. Alitazama vipimo vya siku zilizotangulia, akaona jinsi maziwa yalivyopungua kidogo kidogo nyasi zilipokauka, akabuni tarakimu zinazofuata mwendo huohuo. Alijaza yote kwa dakika chache. Hakumwambia mtu.

Jumapili moja alasiri, siku moja kabla ya maombi kupelekwa kwa ule mfuko wa fedha, baba aliketi mezani nyumbani kwao Kitengela na kompyuta aliyoazimwa na Mwalimu Rahab. Mama, ambaye jina lake ni Nafiso, alikuwa akikanda unga. Nyumba nzima ilikuwa na furaha ambayo Fosiya hakuwahi kuiona tangu wahamie Kenya. Baba alikuwa akiimba chinichini.

"Njoo uone," alimwita Fosiya, akamwonyesha mchoro wa vipimo vyake. "Siku hizi tatu hapa katikati, mstari unateremka taratibu kama ngazi. Ni vipimo vizuri kuliko vyote. Nitaviweka ukurasa wa kwanza."

Fosiya aliondoa macho kwenye mchoro.

"Sasa nisomee hivi vya zamani, tuvilinganishe," baba akaendelea, akampa lile daftari moja lililookoka. Kurasa zake zilikuwa za manjano, na mwandiko ulikuwa wa Mowlid. Fosiya akaanza kusoma, baba akipiga chapa. Lita nne. Lita tatu na nusu. Lita nne. Kisha akanyamaza.

"Endelea."

"Hakuna kipimo, Aabo. Ameandika, 'Leo sikupima. Barabara ya mtoni imefungwa kwa risasi.'"

Baba aliacha kupiga chapa. "Ukurasa unaofuata?"

"'Leo sikupima. Nimemzika ndugu yangu.'" Sauti ya Fosiya ilikuwa ndogo. "Halafu siku ya tatu anaanza tena. Lita tatu."

Mama naye alikuwa ameacha kukanda.

"Nilikuwa nimesahau," baba alisema hatimaye. "Mimi nilikuwa mjini wiki ile. Angeweza kuandika chochote, na nisingejua kamwe. Mtu amemzika ndugu yake, nani angemlaumu? Lakini Mowlid hakuniandikia uongo hata siku moja. Ndiyo maana nilibeba daftari hili nikaacha nguo zangu." Alivua miwani akaifuta. "Sijui kama yu hai."

Fosiya alianza kulia. Alipoweza kusema, alisema yote: harusi, gari lililokosekana, mistari mitupu, tarakimu za kubuni. "Zile nzuri kuliko zote, Aabo, ndizo nilizobuni."

Baba hakumkemea. Alisimama akaenda dirishani, akatazama upande wa mbuga.

"Wanataka siku mfululizo," mama alisema polepole. "Ukizitoa, huenda wasikuchague."

"Najua, Nafiso."

Baba alirudi mezani, akamsogezea Fosiya daftari lake na rula. "Zikate kwa mstari mmoja, ili zisomeke. Kisha andika kilichotokea, kwa mkono wako."

Fosiya akakata. Chini yake akaandika: Sikupima. Nilikwenda harusini. Baba akafuta mchoro wake mzuri akauchora upya ukiwa na pengo katikati, na kwenye barua akaeleza sababu bila kuficha.

Majibu ya kwanza yalichukua wiki saba. Zilikuwa wiki saba za kufunga sukari, na kila baba alipoinama kwenye mizani Fosiya alitazama kando. Kisha wakaitwa Kajiado, kwenye ofisi ya Mwalimu Rahab, ambako watu wa mfuko wangemhoji baba kupitia kompyuta. Fosiya aliketi pembeni. Mzee mmoja mwenye mvi aliuliza juu ya lile pengo: kwa nini hakulijaza tu kwa makadirio?

"Makadirio ningeweza kuyafanya, kama ningeyaita makadirio," baba alijibu. "Yale yaliitwa vipimo." Kisha akawasimulia habari za Mowlid.

Mwezi wa Novemba habari zilifika. Baba hakupewa miaka miwili kama alivyoomba; siku zilizokosekana zilimpunguzia alama. Alipewa mwaka mmoja, na mwisho wake angeweza kuomba tena. Abdille alisema atampata mtu mwingine wa dukani, ila hatampata mwenye kupima sukari namna ile.

Mwalimu Rahab aliwapokea chuoni na kuwaonyesha chumba chenye meza, dirisha na kabati tupu. Fosiya alibaki nyuma mlangoni.

"Mwalimu," aliuliza, "kama nisingekwenda harusini, Aabo angepewa miaka miwili?"

"Pengine," Mwalimu Rahab alisema. "Sitakudanganya. Na hata ungenyamaza, pengine angepewa. Lakini sikiliza, Fosiya. Mtu aliyefukuzwa na vita hupoteza nyumba, kazi, na hata karatasi za kuonyesha yeye ni nani. Kitu kinachobaki ni neno lake, kwamba akisema ameona, ameona kweli. Hicho ndicho baba yako alichovuka nacho mpaka. Wewe nusura ukitumie kuziba shimo dogo la siku tatu, kisha ukakirudisha mwenyewe, tena kwa aibu, na hilo si jambo rahisi hata kwa sisi wakubwa. Kuacha kazi uliyopewa ni kosa, na umelilipia. Kuficha kosa ndiko kungewagharimu ninyi nyote."

Chumbani, baba alikuwa tayari amevaa miwani. Alimwita binti yake aje amshikie ncha ya utepe, apime kabati lile litaingia madaftari mangapi.