Doa Lisilo la Jua

Jua lilikuwa na doa ambalo halikuwa lake.

Digrii aliliona mchana kweupe, utosi ukimchemka, akiwa peke yake juu ya paa la shule ya watu wenye pesa. Alikuwa amelielekeza bomba la darubini juani na kushika karatasi nyeupe nyuma ya lenzi ya kuchungulia, maana jua haliangaliwi kwa jicho kavu ndani ya darubini ila na mtu aliyechoka kuona. Kwenye karatasi likakaa duara jeupe, ukubwa wa kisosi, na ndani yake yale madoa mawili ya jana, yameshikana kama mapacha. Hayo hayakumshtua. Jua nalo lina sehemu zilizopoa kuliko jirani zake, zikaonekana nyeusi. Lakini pembeni palikuwa na la tatu, jeusi tititi, la mviringo kana kwamba limechongwa.

"Vumbi," akasema.

Mtu wa darubini anajua kuliuliza doa kwao ni wapi. Unazungusha lenzi ya kuchungulia: doa likizunguka nayo, ni uchafu wa lenzi. Halikuzunguka. Unalisukuma bomba kidogo, jua linahama karatasini: doa likihama nalo, ni la jua. Jua likahama na mapacha wake, doa likabaki palepale, jeusi juu ya kivuli. Akabadilisha karatasi. Akapuliza lenzi. Mwisho akauziba mdomo wa bomba kwa kifuniko, duara likazimika kama taa iliyokatiwa umeme.

Doa likabaki. Kisha, polepole, likageuka kumfuata aliposimama, na hewa ikanuka nywele zilizoungua.

Akafungasha vitu. Ni njaa, alijiambia. Hakuwa amekula tangu asubuhi. Mhitimu mwenye njaa huona mengi. Wengine wameshaona hata ajira.

Jina la Digrii alipewa na shemeji yake, mume wa dada yake, mtu ambaye kitabu cha mwisho kukimaliza kilikuwa na picha. "Digrii, hebu ikalie hiyo digrii yako tuone kama itataga," alizoea kusema mezani, mdomo umejaa. Miaka ile yote ya fizikia, mikesha na kanuni za mwanga, sasa mtu analala kwenye chumba cha kuwekea magunia na kushukuru. Na hata chumba hicho kilikuwa na tarehe: mwisho wa mwezi, shemeji alisema, kina kazi nyingine. Dada aliendelea kukunja nguo, hakuinua uso.

Basi ile kazi ya darubini ndiyo ilikuwa paa la kichwa chake. Na haikuwa kazi bado. Mwenye shule, Mkurugenzi, mwenyewe akipenda aitwe Daktari kwa sababu ya udaktari aliopewa kwenye hafla pamoja na chakula cha mchana, alikuwa amenunua darubini ili wazazi waione kwenye vipeperushi. "Tazameni urefu wake," aliwaambia, akilipigapiga bomba kama ng'ombe wa mnadani.

Digrii alijaribu kumweleza mara moja. "Mkurugenzi, ukubwa wa darubini si urefu, ni upana wa mdomo. Kule chini kuna kioo kilichobonyea kama sahani. Kinakinga mwanga kama beseni linavyokinga mvua. Beseni likiwa pana..."

"Kijana, wewe ni wa majaribio. Wageni wakifurahi siku ya maonyesho, una kazi ya kudumu. Wasipofurahi, nenda kwenu ukakinge mvua."

Kwa kukosa wa kumsikiliza, Digrii alifanyia mazoezi hotuba yake ya maonyesho mbele ya viti vitupu vilivyopangwa pale paani. Aliviambia kwamba mwanga wa nyota ni mzee, ulianza safari babu wa babu hajazaliwa. Aliviambia kwamba vioo vingi vidogo, vikiwekwa mbalimbali na kutazama nyota moja, mianga yake ikikutanishwa vizuri, huona kama kioo kimoja kikubwa mno. Viti vilimsikiliza kuliko jopo lolote la usaili alilowahi kukaa mbele yake.

Jioni ya siku ya doa alimweleza dada yake jikoni, kwa sauti ya chini, maana shemeji alikuwa sebuleni na masikio yake.

"Linakutazama?" dada akanong'ona.

"Limegeuka tu."

"Bibi alisema vimondo ni vijinga vya moto. Majini wanapanda kudukiza mambo ya mbinguni, wanapigwa navyo. Asiyekufa anaanguka popote, kaungua."

"Dada, be serious. Kimondo ni kijiwe. Kinaingia kwenye hewa kwa kasi, kinawaka. Hakuna anayepigwa."

"Sawa. Na kijiwe kimerushwa na nani?"

Swali hilo halikuwemo kwenye mtihani.

Siku zilizofuata doa halikusubiri tena karatasi. Alilikuta kwenye ukuta mweupe wa ngazi, akalikuta kwenye mgongo wa kiti, daima pale bomba lilipoelekea. Na kutoka ndani ya bomba, hata likiwa limefunikwa, ikaanza kusikika pumzi, si ya kulala, ni ile ya mtu aliyebana nyuma ya mlango akikusubiri upite, na Digrii akisogea kulia pumzi inasogea kulia, na akisimama inasimama, na harufu ile ya nywele ikamfuata nyumbani hadi shemeji akauliza ni nani amechoma kitana. Alipokwenda kumwambia Mkurugenzi, Mkurugenzi alicheka mbele ya walimu wote.

"Mnaona elimu za siku hizi? Mtu wa fizikia anaogopa kivuli. Hapa ni nyumba ya sayansi."

Kesho yake, siku moja kabla ya wageni, nyumba ya sayansi ilipandisha mganga kwa ngazi ya nyuma hadi paani, Digrii akiwa pale kwenye darubini. Alivaa suti na kubeba begi la kompyuta lisilo na kompyuta. Mkurugenzi alimtangulia akikanyaga kwa vidole, yule yule aliyehubiri sayansi kila Jumatatu mstarini, sasa kabeba chetezo kwa mkono wake mwenyewe.

"Ufanye upesi," alinong'ona. "Wapishi wasinuse."

Mganga alifukiza, akasoma, akaweka sikio kwenye bomba. Uso wake ukabadilika, ule wa biashara ukatoka, ukabaki wa mtu tu.

"Unataka nini?" akauliza.

Sauti ikatoka mle ndani, ndogo, ya upole, kama mtu anayesemea kwenye tangi la maji.

"Nilipanda kusikiliza, nikapigwa. Nikipanda tena, nitapigwa tena. Lakini jicho la mtu halipigwi. Mtu anatazama mbingu usiku kucha na hakuna anayemrushia kitu. Nipeni jicho nitazamie."

Mganga akaanza kurudisha vitu begini.

"Mbona unafunga?" Mkurugenzi akasema. "Mfukuze."

"Mzee, nafukuza aliyeingia. Huyu hajaingia, amekaa mlangoni. Atatoka hapo akipata pa kuingia."

Kisha Mkurugenzi akamgeukia Digrii na kumwita kwa sauti ya baba mzazi.

"Mwanangu. Kazi ya kudumu, kuanzia sasa hivi. Na bima ya afya."

"Bima inagusa macho?" mganga akauliza.

Digrii aliitazama lenzi. Aliona chumba cha magunia, akaona magunia yenyewe yakirudishwa. Mtu ana macho mawili, na wangapi wanaishi na moja, wanaoa, wanazaa, wanaendesha magari. Akainama, na kadiri alivyoinama ile lenzi ikawa na joto, si joto la chuma kilichokaa juani bali joto la kope, na akaona kwamba kile alichokidhani kuwa ni giza la ndani ya bomba kilikuwa mboni, imejaa kioo chote, imebonyea kama kioo kilivyobonyea, imekaa tayari, inatetemeka kwa hamu kama mtoto aliyeahidiwa kubebwa, na ncha za kope zake yeye mwenyewe zikaanza kunuka. Akajitupa nyuma.

"Hapana."

"Basi utaangalia kesho mbele ya wageni," Mkurugenzi akasema, ubaba umekwisha, "au huna kazi. Macho yote mawili utayatumia kutafutia nyingine."

Wageni walikuja na miwani myeusi na kiu ya soda. Mkurugenzi alikuwa amekataa mambo ya karatasi. Wageni, alisema, hawaji kuangalia karatasi. Digrii akafunga kichujio cha jua kwenye mdomo wa bomba, kile kinachopunguza ukali hadi jicho linaweza kuvumilia.

"Mtaalamu wetu ataangalia kwanza," Mkurugenzi akatangaza, "halafu mgeni rasmi."

Mgeni rasmi alikuwa mama mnene, mcheshi. "Ah, Daktari, darubini yako, sifa zako, halafu unamtanguliza kijana? Au humo ndani kuna kitu?"

Watu wakacheka. Mkurugenzi naye akacheka, jasho likimtoka, akamsogelea Digrii.

"Sema kitu," akanong'ona.

"Sema wewe," Digrii akanong'ona. "Waambie kuna jini. Waambie na mganga ulimleta. Wataelewa."

Mkurugenzi akawatazama wageni, akazitazama simu zilizoinuliwa kumpiga picha. Neno moja lingemwokoa. Lakini lingemgharimu udaktari, na udaktari ndio ulikuwa mtu mwenyewe. Chini yake hapakuwa na mwingine.

"Karibu, Daktari," Digrii akasema kwa heshima zote, na kurudi hatua moja.

Mkurugenzi akainama. Alikaa pale muda mrefu kuliko mtu anavyohitaji kuliona jua, na mabega yake yakapanda kama ya mtu aliyemwagiwa maji ya baridi, yakashuka, na kutoka kwenye bomba ikatoka pumzi ndefu, ya mwisho, ya mgeni aliyevua viatu. Alipoinuka alikuwa anatabasamu.

"Ni zuri sana," akasema.

Wageni wakachungulia mmoja mmoja, wakaona jua na mapacha wake, hakuna aliyedhurika. Baadaye Digrii alitoa kichujio na kuweka karatasi yake: safi. Akaenda nyumbani na kazi ya kudumu. Shemeji akamwita kwa jina lake halisi, kwa tabu, kama mtu anayemeza dawa.

Kesho yake, jua likiwa utosini, Mkurugenzi alimwita paani. Alikuwa amesimama katikati ya viti, uso ameuinua juani, jicho la kulia wazi kabisa. Halikupepesa. Halikutoa chozi. Kwenye weupe wake palikuwa na doa jeusi, la mviringo.

"Mwalimu," akasema.

Tangu avue joho la mahafali, hakuna aliyewahi kumwita Digrii hivyo.

"Ulisema vioo vingi vidogo, vikiwa mbalimbali, vikitazama nyota moja, vinaona kama kioo kimoja kikubwa. Nimekariri sawa?"

Huyu bosi hadi juzi hakujua mwisho upi wa bomba unachunguliwa.

"Nilisikiliza masomo yote," sauti ikaendelea kwa upole. "Jicho hili ni dogo, Mwalimu. Na sisi tulioungua tuko wengi. Wameshafika, wako ndani ya bomba. Tutafutie macho. Mshahara utaje mwenyewe."

Na kilichomtisha Digrii, alipokuwa akishuka ngazi mbiombio akijigonga ukutani, hakikuwa ile sauti wala lile doa wala pumzi nyingi alizozisikia zikisukumana ndani ya bomba kama watu mlangoni. Kilichomtisha ni kwamba kabla ya kukimbia alikuwa ameshaanza kupiga hesabu ya mshahara.

"Umeacha kazi ya kudumu," shemeji akasema usiku ule, "kwa sababu bosi hapepesi macho." Aliyasema maneno hayo polepole, ayaonje. "Digrii, magunia yanarudi Jumamosi."

Dada akamsogelea. "Doa limekwenda wapi?" akanong'ona.

"Limeajiriwa."

Tangazo likatoka wiki hiyo, likasambaa kwenye simu za watu: Wanahitajika wahitimu, fani yoyote, uzoefu si lazima, usaili ni wa vitendo. Uzoefu si lazima. Nani aliwahi kuiona sentensi hiyo ikiwa na mwajiri nyuma yake? Digrii alipofika, foleni ilikuwa imetoka geti la shule na kupinda kona, mashati yamepigwa pasi, bahasha zimebanwa kwapani, kila mmoja na macho yake mawili.

"Ondokeni," aliwaambia kwa sauti ndogo, akipita kutoka mtu hadi mtu. "Kule juu watawaambia mchungulie. Msichungulie. Mle ndani kuna majini."

"Bro," akajibu mmoja mwenye tai ya kuazima, "hata mimi ningekuwa wa mwisho ningesema kuna majini."

"Kapunguze foleni kwingine," mwingine akadakia. "Mimi nina CV ya miaka minne. Jini gani wa kunitisha?"

Wakacheka, kicheko kikavu, cha watu wasiotaka kupoteza nafasi.

Akatoka wa kwanza, binti mwenye koti kubwa kuliko mabega yake. Akasimama uani, akauinua uso wake kwenye jua la saa saba, macho wazi, hapepesi, kichwa kimeinama kidogo upande kama anayesikiliza watu wanaoongea chumba cha pili. Akatoka wa pili, akasimama mbali naye, akauinua uso pale pale. Akatoka wa tatu.

"Wote wamepata," mtu akasema kwa wivu. "Tazama nyuso zao."

Digrii akageuka aondoke. Nyuma yake walikuwa wameshajipanga watu wengine, wengi, na mmoja akamgusa bega.

"Ndugu, uko kwenye mstari au hauko? Kama hauko, nipishe."

Kesho ilikuwa Jumamosi. Foleni ikasogea. Digrii akakumbuka kwamba ana macho mawili, naye akasogea.