Umbo Lisilo na Pa Kutokea

Jumatatu saa nne asubuhi Kindness alifungua kompyuta akakuta mishale saba imeelekea kwenye umbo moja, wakati yeye alikuwa amechora miwili tu. Akamshuku Calvin wa stoo, maana mikono ya kijana yule haitulii. Akaifuta mitano, akaendelea na kazi. Baada ya chai ilikuwa saba tena.

Kazi yenyewe ilikuwa ya heshima. Kituo chao cha afya, pale njia ya Shirimatunda, kilitaka chati ya safari ya mgonjwa kutoka mapokezi hadi anaporuhusiwa, na yeye ndiye aliyesomea programu ya kuchora mtiririko wa kazi. Lakini maumbo yaliyokuja na programu, yale masanduku na almasi, wauguzi waliyacheka. Basi akatengeneza ya kwake: sindano kwa chumba cha chanjo, hadubini kwa maabara. Kwa wodi ya wazazi alikosa wazo, mpaka alipokumbuka chungu kilichochorwa kwa mkaa ukutani, nyuma ya kabati, katika chumba alichopanga Majengo. Akakipiga picha, akakifuatisha mstari kwa mstari, akakihifadhi kama umbo. Kila umbo huhitaji vitundu vya kushikia mishale, cha kuingilia na cha kutokea. Yeye alikitoboa kimoja tu, cha kuingilia, akasema kingine atakiweka baadaye. Uvivu wa Ijumaa jioni, tuseme ukweli. Chati ikabandikwa mlangoni pa wodi.

Tangu siku hiyo hakuna mzazi aliyetoka. Mmoja alipandwa na homa akiwa ameshafunga vyombo vyake. Mwingine miguu ilimfia kizingitini. Wodi ikaanza kunuka udi na masizi, na mchana kweupe, ndani ya ukuta, kitu kikawa kinakwaruza.

"Panya hao," alisema muuguzi Gladness, lakini alinong'ona. Panya gani wa kunong'onewa?

Jumatano Elinipendo akaletwa kutoka Kibosho na uchungu wake. Alikuwa mdogo wake Kindness, ndugu pekee aliyebaki, na mimba mbili zilikuwa zimeharibika kabla ya hii. Kindness alipopata habari na kukimbilia wodini, mdogo wake alikuwa ameshaingia.

Hadi Alhamisi mchana mtoto hajatoka. Daktari Filemon akaamuru apelekwe hospitali kubwa kwa upasuaji. Kitanda kikafika mlangoni, magurudumu yakagoma, wanaume wanne wakasukuma hadi jasho likawatoka, nacho hakisogei hata inchi. Wakambeba mikononi, wakashindwa kuvuka kizingiti kana kwamba hewa imekuwa ukuta.

"Dada," Elinipendo akanong'ona, midomo imekauka. "Kuna mtu humu. Ananiuliza atokee wapi."

Hapo Kindness akaelewa kuwa ni kile chungu cha ukutani, akatoka mbio, akadandia bodaboda bila kuuliza bei, na njia nzima hadi Majengo alikuwa analia kwa sauti, watu wakimshangaa, yeye akiiona ile mishale saba mbele ya macho yake, yote ikiingia, ikiingia, wala hakuna hata mmoja unaotoka.

Mzee Nurdin, mwenye nyumba yake, alikuwa barazani anachambua mchicha.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kulikoni, mama?"

Akamwonyesha picha kwenye simu. Mzee akaweka mchicha chini.

"Hicho alikichora marehemu baba yangu. Ni mtego. Aliingiza jini humo, hakuliachia pa kutokea. Umekinakili wapi?"

"Kazini, mzee. Mdogo wangu yumo, anakufa!"

"Basi lipe njia. Ila halitoki bure. Baba alijaribu kulitolea mbuzi, akajaribu mti, likakataa. Linataka jina la binadamu, limwingie. Halitazami sura, linafuata jina."

"Niandike la nani?"

Mzee akarudia mchicha wake. "Hilo utachagua mwenyewe."

Kindness alikaa chini sakafuni, mlangoni pa wodi, kompyuta mapajani. Akafungua umbo, akatoboa kitundu cha kutokea, na chungu kikabadilika katika kila ukurasa. Akavuta mshale. Programu ikakataa kuhifadhi: mshale lazima uishie mahali. Akaweka sanduku tupu. Akafikiria majina ya watu asiowapenda, akaona haya jinsi yalivyomjia kwa wingi. Ndani Elinipendo akapiga yowe, kisha yowe likakatika. Akaandika: KINDNESS. Akahifadhi.

Harufu ikaisha palepale. Kitanda kikateleza, na kabla hakijafika kwenye gari mtoto akazaliwa koridoni, wa kike, macho wazi. Hakulia, lakini alikuwa anahema vizuri, na kwa vigelegele vilivyopigwa hakuna aliyejali.

Kindness akajitenga uani kulisubiri jini lije kudai malipo yake. Alisubiri hadi jioni, akasubiri siku mbili. Hakuna kilichomjia. Jumapili akala, akalala usingizi mtamu, akamshukuru Mungu kwa machozi.

Jumatatu mdogo wake akampigia simu kutoka Kibosho.

"Dada, tulikuficha tukushtukize! Kwa desturi mtoto alikuwa aitwe jina la mama mkwe, ila mama mwenyewe alituachia tuchague. Huyu ana jina lako. Tangu yuko tumboni tunamwita Kindness."

Kindness akaifungua chati, akalitazama jina lililomo sandukuni.

"Dada? Hujafurahi? Ngoja nimpe simu akusikie. Kindness, msalimie mama mkubwa."

Simu ikasogezwa. Pumzi ikasikika, kisha sauti nzito, ya kizee, ikamnong'oneza sikioni.

"Asante. Humu mna joto."