Baba Anamwona Mama

Dobi alianza kazi mapema kila siku. Chumba cha mbele kilikuwa cha kazi: meza ya kupigia pasi, mvuke, na kamba zilizojaa mashuka ya wateja. Chumba cha nyuma alilala baba yake, fundi rangi aliyejulikana mtaa mzima kwa jina la Brashi.

Brashi alikuwa na saratani. Hospitali ilisema wazi kwamba hatapona, lakini maumivu yangeweza kutulizwa. Basi akarudi nyumbani na chupa ya dawa ya maumivu. Muuguzi wa tiba shufaa, yaani huduma ya kumpa nafuu mgonjwa asiyepona, akawa anakuja kumwona.

Siku hizo mzee alisinzia zaidi kuliko kuwa macho. Mlango wa katikati ukiwa wazi, aliyatazama mashuka yakipepea ndani ya mvuke kama mawingu yaliyopotea njia. Asubuhi moja akatabasamu.

"Mama yako huyo," akasema. "Anapita kati ya mashuka. Hajazeeka hata kidogo."

Dobi, binti yake, akaweka pasi pembeni. Mama yake alikuwa amefariki zamani.

"Baba, mama hayupo. Alishatutoka. Umesahau?"

Uso wa mzee ukanywea. "Haya," akasema, akageukia ukutani.

Kila alipomtaja mkewe, binti alimsahihisha. Mwishowe mzee akafunga kinywa chake. Hakusema tena lolote, hata la maji ya kunywa.

Kaka yake dobi, dereva wa lori, alipotoka safari aliambiwa yote.

"Ni hiyo dawa," akasema. "Inampanda kichwani. Leo asipewe."

Dobi alisita, lakini hofu ilimshinda. Chupa ikawekwa juu ya kabati.

Muuguzi alipofika alimkuta Brashi amejikunja, jasho linamtoka, ameuma ncha ya shuka.

"Dawa amekunywa?"

Kaka mtu akajikohoza. "Tumeisimamisha, dada. Inamtia wazimu. Anazungumza na marehemu."

Muuguzi hakubishana naye. Alimpa mzee dawa kwanza, akakaa naye mpaka mikunjo ya uso ikalegea.

"Mzee, huyo unayemwona anakutisha?"

"Mke wangu anitishe?" Brashi akanong'ona. "Labda enzi zile, nikichelewa kurudi nyumbani."

Hata kaka mtu akacheka. Kisha wakaenda chumba cha mbele, na muuguzi akawaeleza.

"Kazini kwetu tunafanya utafiti. Tunawauliza wagonjwa, wakituruhusu, wanaota nini na wanaona nani. Wengi wanaokaribia mwisho huwaona wapendwa waliotangulia, au huota wako safarini. Mara nyingi ndoto hizo huwafariji. Si wazimu."

"Sasa niseme uongo?" dobi akauliza. "Mimi simwoni mama."

"Usiseme unamwona. Usimbishie tu. Muulize mama anafanya nini, amesema nini. Halafu msikilize."

"Na akiogopa?" kaka mtu akauliza.

"Hilo ni jambo jingine. Akihangaika, akiona vya kumtisha, akichanganyikiwa ghafla au akipata homa, nipigieni simu mara moja. Huenda kuna ugonjwa mwingine wa kutibika, au dawa inahitaji kurekebishwa. Lakini msiikate wenyewe. Mtamwachia maumivu tu."

Kaka mtu akainuka, akaishusha ile chupa mwenyewe, bila kumtazama mtu.

Kesho yake Brashi alipofumbua macho, binti yake alikuwa ameketi kando.

"Baba, leo uko wapi?"

Mzee alimchunguza kwanza, kama mtu anayepima kina cha maji kabla ya kuvuka.

"Kwenye nyumba ndefu," akasema. "Naipaka rangi. Nikimaliza ukuta, ukuta mwingine unaota juu yake."

"Rangi gani?"

"Jina lake silijui. Kama maziwa yaliyoguswa na jua."

"Na mama?"

"Yuko chini anakoroga rangi. Amekubeba mgongoni, unalia kama king'ora."

Dobi akacheka huku machozi yakimlengalenga. "Nilikuwa mlizi hivyo?"

"Majirani walikoma! Lakini mimi nilipenda. Nilikuwa nikitoka kazini, nasikia sauti yako tangu kona, moyo unatulia. Najua kwangu wazima."

Hakuwahi kumwambia hilo. Dobi akakishika kiganja chake, na pasi ikapoa mezani.

Tangu hapo walisafiri naye kila alikokwenda. Kaka mtu naye, akirudi safari, alivua viatu mlangoni na kuuliza, "Mzee, nyumba imefika wapi?" Dawa ilitolewa kwa wakati wake. Brashi alilala bila kuuma shuka.

Siku ya mwisho ilikuwa mchana mweupe, na watoto wote wawili walikuwepo. Pumzi ya mzee ilikuja polepole, ikakaa, ikaja tena.

"Nimemaliza," akasema. "Nashuka. Ngazi mmeishika?"

Dobi akamshika mkono. Dereva wa lori akapiga magoti, akashika ukingo wa kitanda kwa mikono yote miwili.

"Shuka taratibu, baba," akasema. "Tumeishika."