Riwaya Ambayo Chiriku Hakuisoma

Siku ya mwisho kabla ya likizo ndefu hakuna mwanafunzi anayetulia kitini, na asikudanganye mtu kwamba shule yao ni tofauti. Madawati yalikwaruza sakafu, mikoba ilifungwa na kufunguliwa tena, na mwalimu wa darasa alikuwa ameshachoka kusema, "Kaeni chini." Lakini katika darasa la sita alikuwamo msichana mmoja ambaye hakutulia hata siku za kawaida. Wenzake walimwita Chiriku. Jina hilo alipewa kwa sababu ya mdomo wake, ambao tangu anapoamka mpaka anaposinzia haukujua kupumzika.

Mwalimu wa maktaba, mama mfupi mwenye sauti kubwa, alikuwa na sheria yake: mtu haendi likizo bila riwaya. Mchana ule alitoa meza nje ya mlango wa maktaba, akazipanga riwaya juu yake, kisha akamwita Chiriku.

"Wewe maneno unayo. Kaa hapa uwashauri wenzako, kila mtu apate kitabu kinachomfaa. Ila sikiliza, binti. Kitabu ambacho hujakisoma, sema hujakisoma. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, mwalimu!"

Yaliingia sikio hili, yakatokea lile. Katika riwaya zote zile Chiriku alikuwa amesoma ya vichekesho na ya safari tu. Ile ya historia aliiacha katikati, vita vilipoanza kukolea. Nyingine alizijua kwa majalada yake. Lakini foleni ilikuwa imeshajipanga, macho yote yanamtazama yeye, na utamu wa kutazamwa ukampanda kichwani.

"Mrefu, chukua hii ya upelelezi," alimwambia kijana wa mbele. "Mwizi anatafutwa mwanzo mpaka mwisho, na humjui mpaka kurasa za mwisho kabisa!" Hilo, bila shaka, unaweza kulisema juu ya riwaya yoyote ya upelelezi bila kuifungua. Kijana wa miwani alipewa riwaya ya mambo ya sayansi. "Watu wanahamia kwenye nyota nyingine, na huko hakuna mama wa kuwatuma dukani." Watu wakacheka. Msichana mmoja mbishi alipewa ile ya historia, ili apate wafalme wa kubishana nao.

Kidoti alifika mwishoni kabisa, foleni ilipokuwa imekwisha. Aliitwa hivyo kwa ajili ya alama ndogo nyeusi shavuni. Yeye na Chiriku walikaa dawati moja tangu darasa la kwanza, mmoja akisema na mwingine akisikiliza. Siku hizo macho ya Kidoti yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi. Baba yake, dereva wa malori ya safari ndefu, alikuwa ameondoka muda mrefu na hajarudi. Kila akiuliza nyumbani aliambiwa, "Wiki ijayo."

"Mimi sitaki upelelezi," Kidoti alisema kwa sauti ya chini. "Sitaki mtu anayepotea wala anayekufa. Nataka kitabu cha kunituliza tu, nipate kulala. Kipo?"

Hapo ndipo Chiriku angepaswa kusema, "Ngoja nimuulize mwalimu." Mwalimu alikuwa hatua chache tu ndani ya mlango. Badala yake mkono wake ulikimbilia kitabu chenye jalada la kijani, limejaa maua mekundu.

"Hiki hapa! *Ua la Shangazi*. Nimekisoma mara mbili. Ni mambo ya mapenzi, bustani na harusi. Mwishoni nililia kwa furaha."

"Kweli, Chiriku?"

"Mimi na wewe tena? Nitakudanganya wewe?"

Kidoti alikikumbatia kitabu kile. Ilikuwa mara yake ya kwanza kutabasamu baada ya siku nyingi, na Chiriku alirudi nyumbani amevimba kichwa.

Kesho yake asubuhi Chiriku alikwenda kumsaidia mwalimu kuzirudisha kabatini riwaya zilizobaki. Mikono ilifanya kazi kidogo, mdomo ukafanya nyingi. Alikuwa anasimulia nani amechukua nini na alimwambia nini, na mwalimu alikuwa anatikisa kichwa huku akifuta vumbi.

"Na Kidoti nimempa *Ua la Shangazi*."

Mwalimu aliacha kufuta. "Ua la Shangazi? Humu ndani hatuna kitabu kinachoitwa hivyo."

"Kipo, mwalimu! Kile cha kijani, chenye maua."

"Kile ni *Ua wa Shangazi*. Wa! Si la! Hilo lingekuwa ua la kunusa. Huu ni ua wa nyumba, uani, pale nyuma mnapoanika nguo." Mwalimu alimgeukia mzima mzima. "Mume wa shangazi anaaga kuwa anasafiri, harudi. Watu wanamwambia mtoto wake asubiri, atakuja. Kisha majirani wanaanza kushuku, wanakwenda kuchimba uani. Chiriku, kitabu hicho umekisoma?"

"Kidogo, mwalimu."

"Kidogo mpaka wapi?"

Chiriku aliangalia chini. "Jalada."

"Lo! Herufi mbili tu zilikuwa zinakuambia, wala hukuziangalia. Na yule mtoto baba yake..." Alichomoa ile riwaya ya vichekesho kabatini akamtia mkononi. "Mpelekee hii. Nenda sasa hivi!"

Chiriku alitoka mbio. Alipita uwanja wa shule, akakata kona ya duka la dawa, akakanyaga maji machafu ya mfereji bila kujali. Huenda hajaanza kukisoma, alijiambia. Lakini Kidoti alikuwa msomaji wa haraka, na mtu asiyelala ana saa nyingi za kusoma. Alipofika kwenye genge la mboga akakumbuka kitu kilichomfanya asimame ghafla: hakuuliza mwisho wake. Huko uani walichimba wakakuta nini? Arudi? Aendelee? Alizunguka pale pale kama kuku anayetafuta pa kutagia, mpaka muuza mboga akamuuliza kama amepoteza kitu.

Akaamua kuendelea, na njiani akaanza kushona uongo mwingine. Nitasema mwalimu anakitaka kitabu, kurasa zimelegea. Nitasema nilichanganya majalada. Nitasema kina wadudu. Kila uongo aliujaribu mdomoni, na kila mmoja ulikuwa na ladha mbaya.

Kina Kidoti walipanga vyumba viwili nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi. Mama yake alikuwa fundi cherehani. Mashine yake ilikaa mlangoni penye mwanga, na nguo za watu zilijaa mpaka kitandani.

"Karibu, mwanangu," alisema bila kuinua kichwa, pini amezibana midomoni. "Mwenzio yuko chumbani. Tangu asubuhi hajala wala hajasema. Nenda ukamchangamshe, wewe si ndiyo kazi yako?"

Chiriku aliamkia, akapita pazia. Kidoti alikuwa ameketi kitandani, miguu ameikunja, kitabu cha kijani mapajani. Kilikuwa kimefungwa, lakini kidole chake kilikuwa ndani, katikati kabisa.

"Afadhali umekuja," Kidoti alisema haraka haraka. "Kitabu chako hakina harusi. Hakina bustani. Baba wa yule mtoto alisafiri, harudi, na watu wanamwambia ni wiki ijayo, wiki ijayo. Sasa wamechukua majembe wameingia uani. Nimeshindwa kufungua ukurasa. Niambie wewe, umekisoma mara mbili. Wanamkuta?"

Cherehani ilikuwa inalia huko mlangoni. Na Chiriku, ambaye maneno hayajawahi kumpungukia, alikuwa nayo mengi hata wakati huo. Angeweza kusema, hawakuti kitu, baba anarudi na zawadi. Ilikuwa rahisi kama kumeza mate. Kidoti angepumua, wangecheka, na yeye angeondoka na kitabu kwapani. Aliufungua mdomo kabisa ili aseme hivyo. Kisha akayaona yale macho mekundu yanavyomsubiri, yanavyomwamini, akaona aibu.

"Sijui," alisema.

"Hujui vipi?"

"Sijakisoma. Sijakifungua hata mara moja. Niliona maua kwenye jalada, nikasema tu. Nisamehe, Kidoti."

Kidoti alimkazia macho. Halafu akakitupa kitabu sakafuni kwa nguvu.

"Hata wewe! Nilikuomba kitu kimoja tu! Hata wewe unanipa maneno matamu kama wote! Kila mtu ananiambia tulia, tulia, wiki ijayo. Naona wanavyonyamaza nikiingia. Basi kama baba amekufa si mniambie amekufa!"

Cherehani ikanyamaza. Pazia likafunguliwa, na mama alikuwa amesimama pale, pini zote amezitema mkononi.

"Baba yako hajakufa," alisema.

"Wiki ijayo, sivyo?" Kidoti alijibu, machozi yakimtiririka.

Mama aliketi kando yake juu ya rundo la sare za watu, wala hakujali kuzikunja. "Si wiki ijayo, mwanangu. Lori lilipinduka. Mguu umevunjika, amelazwa hospitali ya mbali na atakaa huko muda. Lakini anaongea, anakula, daktari anasema atatembea. Alinisihi nisikuambie mpaka asimame, na mimi nikaona ni vyema. Anapiga simu kila jioni."

"Kila jioni?" Kidoti alifuta pua kwa kiganja. Alifikiri kidogo, kisha macho yakamtoka. "Mama! Ndiyo maana kila jioni unanituma sabuni! Tuna sabuni za kufulia mtaa mzima!"

Mama alitaka kucheka, kikaja kilio. Alichukua simu, akapiga, akaisukuma sikioni mwa bintiye. Chiriku hakusikia upande wa pili ulisema nini. Alisikia tu Kidoti akisema, "Baba? Ni mimi. Najua. Mama ameniambia," kisha akilia kwa sauti, kisha akiuliza ni mguu upi, wa kulia au wa kushoto, na kama unauma akilala. Aliuliza maswali mpaka simu ya mama ikaishiwa salio.

Chiriku alikuwa ameshaufikia mlango, anataka kutoroka, lakini mama wa Kidoti akamshika mkono.

"Rudi ukae. Sisi sote wawili tumefanya kosa moja, mimi mtu mzima na wewe mtoto. Tulimpa huyu uongo mtamu tukidhani tunampa utulivu. Kumbe uongo ndio uliomkosesha usingizi, kwa sababu moyo wake ulikuwa unaunusa. Mtu anaweza kuubeba ukweli, hata ukiwa mzito, kwa kuwa anajua anabeba nini. Asichoweza ni kubeba asichokijua. Wewe umesema 'sijui' mbele ya rafiki yako, na lilikuwa neno gumu. Umenifungua na mimi mdomo. Lakini siku nyingine, mwanangu, liseme mapema. Anayekuomba ushauri amekukabidhi kitu chake. Usimrudishie usichokuwa nacho."

"Nimesikia, mama," Chiriku alisema, na safari hii yalibaki sikioni. Akaichukua ile riwaya ya vichekesho aliyokuja nayo, akamnyooshea mwenzake. "Hii nimeisoma kweli. Inachekesha mwanzoni, katikati inachosha kidogo, halafu inachekesha tena. Ukitaka."

Kidoti aliiangalia, akaiangalia na ile ya kijani iliyolala sakafuni. Bado alikuwa na hasira, na hakuificha. Aliinama akaokota ile ya kijani, akaifuta, akampa Chiriku.

"Sitaki hiyo. Soma hii. Kwa sauti, kuanzia ukurasa wa kwanza. Sasa simwogopi mtu wa kitabuni, baba yangu nimemsikia. Na wewe usiruke hata neno moja, maana nitajua."

Chiriku alikaa sakafuni akaanza kusoma. Hakusimulia, hakuongeza chumvi, alisoma yale tu yaliyoandikwa, na ilimpa shida, kwa maana ulimi wake haukuzoea kufuata njia ya mtu mwingine. Kidoti alijilaza juu ya zile sare, akamsahihisha mara moja, akamsahihisha mara ya pili. Mara ya tatu alinyamaza. Chiriku alipoinua macho alimkuta mwenzake amelala fofofo, mdomo wazi, mkono umening'inia.

Akakifunga kitabu taratibu, akanyanyuka kwa ncha za vidole.

"Wewe!" mama wa Kidoti alinong'ona kutoka kwenye cherehani, ambayo kumbe hakuwa ameigusa muda wote ule. "Nani amekuambia uache? Kaa chini usome. Nataka kujua huko uani kuna nini."